Maombi Yaliyokataliwa Siku ya Ijumaa

Siku ya kwanza pale ghala la dawa, mtaa wa Downsview huku ughaibuni, nilipewa koti na kuambiwa nisiguse kompyuta. Tulikuwa tunafunga dawa za kupelekwa majumbani. Mgongo ulipokataa kuinama, wakanihamishia ofisini, meza ya maombi yaliyokataliwa. Shule sina ya maana. Kazi ile nilifundishwa kwa mdomo.

Aliyenifundisha ni mkuu wa programu, binti wa Nairobi; bibi kwao ni shosho. "Shosho, mtu akiagiza dawa kwa mtandao, ombi lake linakuja kwa seva, ile kompyuta yetu. Kabla liingie, kichujio kinalisimamisha: wewe ni nani, umeruhusiwa, umejaza sawa? Likikataliwa, linakuja kwako."

"Na ule ukurasa anaojaza haukagui?"

"Unakagua, lakini mjanja anauruka. Huku ndani hatuamini mtu."

"Hapo tumeelewana."

Ijumaa moja, baada ya swala, meza yangu ikafurika. Maombi ya wazee, yote kutoka kompyuta moja ya mtaa wa Thornhill, namba ya simu ileile, yakifuatana bila kupumua. Kichujio kikadhani ni mwizi, kikayazuia yote. Mimi nilijua: wazee wetu hawajazi wenyewe. Hupanga foleni msikitini kule Thornhill, binti mmoja huwajazia, tena kwa namba yake ya simu. Lakini kujua si kuthibitisha. Na mmoja wao, Mzee Kassamali, insulini yake ingeisha kesho yake.

Msimamizi wa zamu akanisimamia kichwani. "Wapitishe wote, mama. Gari linaondoka."

"Nikipitisha wote, na mwizi kapita. Nipe simu."

Namba zao za nyumbani zilikuwemo kwenye mfumo. Nikawapigia mmoja mmoja: umezaliwa lini, unatumia dawa gani? Aliyejibu sawa nikampitisha. Kassamali hakupokea. Dereva anapiga honi. Nikampigia yule binti wa msikitini.

"Yupo nje, bibi, kwenye gari la mwanawe. Amelala."

"Mwamshe."

Mzee akapewa simu, akaja juu. "Unaniamsha kuniuliza nimezaliwa lini? Wewe unajua ulizaliwa lini?"

"Mimi siombi insulini."

Akacheka, akajibu. Mzigo wake ukapakiwa wa mwisho.

Baadaye mkuu wa programu alimfungulia binti yule akaunti ya mjazaji, ya kuwajazia wengine, kichujio kikamtambua. Kila mzee bado aliulizwa kwa namba yake mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nipo Mississauga, na dawa zangu ananiagizia mjukuu. Anabonyeza, anasema, "Imepita, Bibi, tulia." Nitulie vipi? Imepita upesi mno. Namuuliza, "Nani amekuuliza wewe ni nani?"