Bakuli la Santuri

Bendi yetu ilikuwa bora kuliko yao. Naanza na hilo kwa sababu nimelisema tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini, na nikilificha leo kwa kuwa mambo yameharibika, nitakuwa mwongo. Yetu ilikuwa na gitaa za umeme, saksafoni, na suti za rangi ya maziwa ambazo wanamuziki hawakuzivua hata jasho likiwatiririka. Yao ilikuwa gitaa kavu mbili na chupa ya soda inayokwaruzwa kwa msumari. Watu wazima wanalipa kiingilio, wanaingia ndani, wanasikiliza chupa.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Yaliyobaki nilifundishwa na chuma. Milango mingi ya ploti za Dandora, zile nyumba za vyumba vya kupanga, niliichomelea mimi, tangu zinajengwa, na hakuna mjomba wala mwalimu aliyenishika mkono. Kwa hiyo nilipenda bendi iliyovaa vizuri. Niliwaona vijana waliotoka vumbini kama mimi, na vumbi halikuonekana kwao tena. Rafiki yangu alitoka magharibi mwa nchi, akapata kazi ya kiwanda cha sabuni, na yeye alitaka kinyume. Alisema chupa ile ikianza kulia anasikia uani kwa mama yake. Nilimwambia kama anataka uani kwa mama yake, nauli ipo.

Tulipanga chumba kimoja Kaloleni. Kitanda chake ukuta huu, changu ukuta ule, katikati gramafoni moja tuliyoinunua kwa kuchangiana. Jumapili alasiri tulikwenda densi kwenye ukumbi wa mtaa, na siku bendi zote mbili zikipiga, tuliwekeana sharti. Bendi ambayo watu wake wangetoka sakafuni kwanza, hiyo imeshindwa, na shabiki wake anatoa santuri moja. Mshindi ndiye anayechagua. Hatukuweka pesa. Pesa hatukuwa nazo, na pia kunyang'anywa santuri kulimuuma mtu zaidi.

Sasa kuna siku moja lazima niieleze. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai pamoja na wenzetu wa mtaani, na rafiki yangu akasema, polepole, kama mtu anayeweka kitu mezani, kwamba ameitwa studio. Mpiga gitaa la pili wa bendi yake alikuwa mgonjwa, wakamchukua yeye, na amepiga upande wa pili wa santuri mpya.

Nilisema kwa sauti, "Wewe ulipiga chupa."

Kibanda kizima kilicheka. Mwenye chai alicheka mpaka akashika nguzo. Rafiki yangu naye alicheka, kwa sababu angefanya nini. Hakulisema tena jambo hilo, siku ile wala mwaka ule. Na mimi sikuuliza. Nilijua anapapasa nyuzi kidogo pale kitandani. Kupapasa si kupiga, ndivyo nilivyojiambia.

Haukupita muda, bendi yake ikashindwa. Nilifungua sanduku lake la mbao nikachagua santuri yenye karatasi ya kijani katikati, kwa kuwa ilikuwa mpya, haina hata mkwaruzo.

Akasema, "Chukua nyingine. Chukua hata mbili."

Nikamwambia sharti ni sharti. Alinitazama, kisha akafunga sanduku. Angeniambia sababu ningemrudishia, au napenda kufikiri hivyo. Lakini angeniambiaje, wakati mimi ndiye niliyemfanya mwongo mbele ya watu?

Siku hizo mafundi tulikuwa na mchezo. Santuri iliyokwisha unaipasha juu ya jiko, ikilegea unaibandika kwenye kitako cha sufuria, inapoa ikiwa bakuli lenye mikunjo kama sketi. Ile haikuwa imekwisha, nami niliipasha hivyohivyo. Nilitaka aione. Tundu la katikati nililiziba kwa kipande cha bati na ribiti nne, zile pini za kubania bati. Nikajaza njugu karanga za kukaanga, nikamwekea rafiki yangu mbele ya kitanda chake. Alikula. Aliniambia ribiti nimezikaza vizuri.

Bakuli hilo nilioa nalo, nikahama nalo. Marehemu mke wangu alilitumia kuwekea vifungo na sindano. Lilikaa kwenye kabati langu miaka yote, na rafiki yangu akija kunitembelea tulilitoa, tukaweka njugu, tukabishana tena tangu mwanzo. Suti na chupa, chupa na suti. Watoto wetu walikuwa wakiinuka na kutuachia sebule.

Mwaka huu kiharusi kilimwangusha. Hospitali ilimlaza, halafu ikamrudisha nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Umoja, na kumwambia binti amtunze tu. Binti huyo akaja kwenye karakana yangu, akasimama karibu na marundo ya vyuma, akasubiri nizime mashine.

"Mzee," alisema, "Baba aliniambia nisije kwako. Nimekuja tu."

Baba yake alikuwa akitaka kitu kimoja. Kulikuwa na santuri, karatasi yake ya kijani, ambayo upande wa pili alipiga gitaa yeye mwenyewe, mara moja maishani. Binti hakuwahi kujua baba yake alishika gitaa. Alitaka baba yake aisikie kabla hajaondoka duniani. Amezunguka maduka ya vitu vya zamani Eastleigh, amewapigia simu watu wanaohifadhi nyimbo za kale. Bendi wanaijua, santuri hiyo hakuna aliye nayo. Zilitolewa chache, halafu wanamuziki wakakosana. Akaniuliza kama labda mimi, kwa kuwa nilipenda sana muziki, niliwahi kuwa nayo.

Nilimwambia nitatafuta. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, nikamdanganya mtoto wa rafiki yangu mchana kweupe.

Maisha yangu yote nimenyoosha vitu vilivyopinda. Kwa hiyo nilifunga karakana, nikalitoa bakuli kabatini, nikang'oa ribiti moja moja, nikachemsha maji kwenye karai, nikalizamisha bakuli mpaka likalegea. Nikalibana kati ya vipande viwili vya chuma. Kwa macho ilitoka santuri. Mistari yake bado ilionekana, myembamba, inazunguka. Niliiweka kwenye gramafoni yetu ya zamani, niliyobaki nayo mimi, nikashusha sindano. Ilitoa mlio wa mafuta yanayokaanga. Nikairudisha mwanzo. Mafuta. Nikajipa moyo kwamba haijanyooka vya kutosha, nikaipasha tena, safari hii kwa moto, nikaibana kwa nguvu zangu zote. Ikapasuka vipande viwili.

Nilivifunga kwenye gazeti nikaenda Umoja. Rafiki yangu alikuwa ameegemezwa kwa mito, mkono wa kushoto umelala pembeni. Aliponiona alianza vita mara moja, kwa ulimi mzito.

"Naona bendi ya washonaji imefika."

Nilifungua gazeti juu ya blanketi. Aliangalia, akapitisha kidole cha mkono wa kulia kwenye mistari, taratibu, mpaka palipopasuka.

"Umevunja bakuli?"

"Nilitaka kuinyoosha."

"Sasa njugu tutaweka wapi?"

Alitaka nicheke. Ndivyo alivyokuwa, hata siku ile ya kibanda cha chai. Nikamwambia, "Ulipiga kweli."

"Nilipiga," alisema. Basi. Kwa dakika hiyo niliona kama jambo limekwisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Kisha akasema mwanzo wa wimbo bado anaukumbuka, lakini katikati pamemtoka. Kila akijaribu anafika hapo anapotea, tangu alale kitandani.

"Wewe ulikuwa na sikio zuri," alisema. "Uliiweka kwenye gramafoni kabla ya kuichoma. Niimbie hapo katikati, nitashika mwenyewe."

Ningeweza kubuni. Nyimbo zao zote zilifanana, hilo nimelisema maisha yangu yote. Lakini alikuwa ananitazama mdomo.

"Sikuiweka."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Hakukasirika; hasira ningeijibu. Baadaye akaomba nimwite binti yake amgeuzie ukutani. Binti alikuwa amekwenda dukani, kwa hiyo nilimgeuza mimi. Mkono wa kushoto ulibaki nyuma. Niliuinua nikauvusha, nikauweka juu ya blanketi mbele yake, vidole vinne vya kubonyeza nyuzi, na vikakaa vilevile nilivyoviweka.