Dhahabu ya Dalali Oketch

Absalom Oketch alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Kombewa, na hakuna kiungo cha fahali ambacho hakuwahi kukisifu kwa sauti, hata siku mama mkwe wake alipopita na kapu la omena, dagaa wa ziwani. Aliinua mkia, akapapasa, akataja. Lakini maradhi yalipomshika yeye mwenyewe, mahali pa aibu, dalali akawa bubu.

Mwaka wa 1997 alianza kwenda msalani kila mara na kurudi bila nafuu. Akasingizia chai. Mkewe Dorca akapunguza chai, naye akasingizia baridi ya ziwa. Mwishowe Dorca alimpeleka hospitali, akaeleza yote mwenyewe huku mumewe akitazama dari. Akatumwa Nairobi, wakampima, wakasema ni saratani ya tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mwanamume, ila ilikuwa haijaenea.

Binti yao Lornah alikuwa nesi Uingereza. Hospitali yake ilikuwa ikijaribu njia mpya ya kutibu saratani hiyo kwa mionzi, akaomba baba yake apokelewe. Wakakubali. Oketch akapanda ndege na kofia yake ya mnadani, ambayo Dorca alikuwa ameificha mara mbili.

Daktari wa kule alitaka Lornah atafsiri. Mzee akakataa katakata. Mambo ya kiunoni baba hayasemi mbele ya binti yake. Lornah akatoka nje, na Oketch akakusanya Kiingereza chake cha sokoni.

"Daktari," alisema, "kuna fahali mmoja. Anasimama sana, mkojo unatoka kidogo kidogo."

Daktari aliandika. Akauliza bila kucheka, "Fahali huyu ana umri gani?"

"Sitini na sita."

Tangu hapo wakaelewana vizuri sana.

Daktari akamweleza kwamba tezi haitulii mahali pamoja. Kibofu kikijaa huisukuma, tumbo likijaa huisogeza, na mionzi ikikosea kidogo huunguza nyama isiyo na hatia. Tena kwenye eksirei haionekani vizuri. Kwa hiyo wangepachika ndani yake punje tatu za dhahabu, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Dhahabu huonekana wazi pichani. Kila siku wangezitafuta kwanza, wamsogeze mgonjwa mpaka zikae panapotakiwa, ndipo wawashe mashine. Oketch akauliza kama zitatolewa baadaye. Akaambiwa ni zake mpaka kufa, akaridhika.

Sindano iliyozipeleka ilipita mahali ambapo hakutaka kupataja. Baada ya hapo, kwa wiki kadhaa, kila siku alilala chini ya mashine akiwa ameamriwa asijitikise wala kusema neno. Lornah alimwambia mama yake kwenye simu kwamba kunyamaza ndiko kulikomtesa zaidi.

Alirudi amekonda, lakini vipimo vilikuwa vizuri. Dorca alimdokezea mtu mmoja tu kanisani, na kufikia siku ya soko eneo zima la Seme lilijua kwamba Oketch amerudi na dhahabu mwilini. Iko wapi? Yeye alijibu tu, "Ndani." Nasipwondi, muuza mboga, alimtaka afungue mdomo aone meno. Wengine walisema ameimeza ili kuwakwepa watu wa forodha. Oketch alifurahia uvumi huo kuliko inavyomfaa mzee wa kanisa.

Siku moja sokoni Obiero, mfanyabiashara mwenzake, alimuuliza swali hilo hilo mbele ya watu. Oketch alikuwa na jibu la mzaha tayari. Ila alikuwa amemwona Obiero akienda nyuma ya zizi mara nyingi asubuhi hiyo, na kila mara akirudi amekunja uso. Basi akapanda juu ya jiwe lake la mnada, akaeleza yote: tezi, mahali ilipo, kazi yake, na njia ya sindano. Dorca, aliyekuwa kati ya watu, akajifunika uso kwa leso. Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee hawakucheka.

Baadaye Obiero alimvuta kando, akamuuliza kama inauma.

"Kidogo," Oketch alisema. "Jumatatu twende hospitali. Mimi nitakaa nje."

Ya Obiero ilikuwa tezi iliyovimba tu, wala si saratani, akapewa dawa. Hata hivyo, siku hiyo ilimbidi daktari atoke chumbani kumwomba Oketch apunguze sauti, maana alikuwa akiwaelimisha wanaume wote waliokuwa kwenye benchi, na wadi ya wazazi ilikuwa mlango wa pili.