Nyasi za Kiwanja cha Kitisuru

Kama kuna mtu aliyesikiliza habari za hali ya hewa mwaka huu kwa roho mbaya, ni Nyokabi wa Dagoretti. Redio ilisema jua litaendelea kuwa kali mpaka mwisho wa Machi, upepo utakuwa mkavu, na watu wajihadhari na moto kwa kuwa nyasi zimekauka kila mahali. Wengine walisikia moto. Nyokabi alisikia nyasi, akamkumbuka Nyawira, na chai ikamgeukia mdomoni.

Hao wawili ni majirani. Kila mmoja ana ng'ombe wa maziwa kibandani nyuma ya nyumba, na Dagoretti ya leo ni mawe na ploti, haina malisho hata ya mbuzi. Kwa miaka mingi walitoka pamoja asubuhi na panga na magunia, wakakata nyasi kando ya barabara za Lavington na Kitisuru, nje ya kuta za matajiri. Ng'ombe wa Nyokabi anaitwa Sukari, na wakati huo alikuwa na mimba. Mume wa Nyokabi alishafariki, binti yake Kui yuko chuoni, na nyumba nzima inaishi kwa maziwa. Sukari akikosa kushiba angeweza kutupa mimba, na hapo mlango wa riziki ungefungwa.

Kule Kitisuru kuna kiwanja kikubwa kisichojengwa, na nyasi zake zilikuwa zinafika kiunoni. Nyokabi ndiye aliyekigundua. Ndiye aliyempeleka Nyawira akamjulisha kwa mlinzi, Lazarus. Nayataja haya kwa kuwa mwenyewe huyataja kila siku, hata katika mkutano wa akina mama kanisani, mahali tulipoenda kuombea mvua. Mwenye kiwanja yuko ng'ambo. Aliposikia habari za ukame aliogopa moto usije ukawaka kwake ukarukia nyumba za jirani, akampigia Lazarus simu: nyasi zikatwe zote, zichukuliwe na mtu mmoja tu, hataki msururu wa watu langoni. Siku hiyo Nyokabi alikuwa Murang'a kumzika shangazi yake. Nyawira alikuwa langoni.

"Mama Kui, niliuliza kama tunaweza kuwa wawili," Nyawira alimwambia aliporudi. "Lazarus akakataa, ati mdosi amesema mtu mmoja."

"Ni sawa, Mama Jeremy. Bahati ni ya mwenyewe."

Aliyasema hayo akitabasamu. Tangu hapo hakuna alichofanya Nyawira kikampita. Alijua amekata marundo mangapi na ng'ombe wake ananenepa vipi. Alitueleza kwamba Lazarus amelishwa chapati mpaka akapoteza akili, na kwamba mtu asiye na haya hula shamba la aliyemwonyesha njia. Tulicheka, nasi hatukumkataza. Usiku hakulala. Wivu ulimshibisha yeye, lakini Sukari hakupata hata unyasi mmoja humo.

Alhamisi moja adhuhuri Nyokabi alikuwa nje ya ua wa kiwanja kile, akikwangua majani ya vumbi ukingoni mwa barabara. Ndani, nyasi zilizokatwa zilikuwa zimelundikwa tayari kwenda Dagoretti, na Nyawira alikuwa ameenda kutafuta pikapu. Lazarus alikuwa amefagia majani makavu akayachoma kwenye shimo, kama walinzi wa huko wanavyofanya tangu zamani, mvua inyeshe isinyeshe. Kisha honi ikalia, akaenda kuona ni nani langoni.

Upepo uliamka. Nyokabi aliona jani moja linalowaka likitoka shimoni, likatua karibu na rundo la kwanza, na moshi mwembamba ukaanza. Ungezimwa kwa kiatu. Alifungua mdomo aite. Kisha akafikiria ng'ombe wa Nyawira, mgongo wake unavyong'aa, akafunga mdomo, akajitwika gunia lake nusu tupu, akaondoka. Si yangu, alijiambia. Aliyepewa kiwanja alinde kiwanja.

Alipofika kwenye kona alisikia mvumo, akageuka. Marundo yote yalikuwa yanawaka, na moto ulikuwa unakimbia chini kuelekea ukuta wa jirani. Hapo moyo ulimpasuka. Alitupa gunia, akarudi mbio, akavunja tawi na kupiga moto bega kwa bega na Lazarus, mpaka watunza bustani wa nyumba za karibu wakaleta mipira ya maji. Moto ulizimwa ukutani. Nyasi zote ziliisha.

Nyawira alifika na pikapu, akakuta majivu. Aliketi chini. Jumapili kanisani Nyokabi alisifiwa mbele ya watu kwa ujasiri, akasimama, akapunga mkono, akaketi haraka. Sukari alizidi kukonda. Na Nyawira, yule mshenzi kama Nyokabi alivyomwita moyoni, watu wakamhurumia, huyu akamletea mabua ya mahindi, yule migomba, ng'ombe wake hakulala njaa hata siku moja. Hilo nalo lilimuuma Nyokabi.

Mvua ilikuja Aprili. Kiwanja kilichoungua kiliota mapema kuliko Kitisuru nzima, nyasi laini, kijani cha kuumiza macho. Nyokabi alikuwa akipita nje ya ua bila kutazama ndani, yaani akitazama, Nyawira alipomwita.

"Mama Kui, ingia. Nimeongea na Lazarus. Kata upande ule wa ukuta."

"Ati mdosi si alisema mtu mmoja?"

"Nimemwambia Lazarus tutakuwa wawili ama nisikate."

Nyokabi aliingia. Alitafuta la kusema, akapata lile watu walilomzoesha. "Si unajua hata mimi siku ile nilijichoma mikono nikizima huo moto."

Nyawira hakuacha kukata. "Lazarus alikuona kwa ua kabla haujawaka, ukitazama marundo, kisha ukaondoka bila kuita. Aliniambia siku hiyo hiyo."

Nyokabi alisimama na panga mkononi.

"Kata," Nyawira alisema. "Ng'ombe haina makosa."

Basi akainama, akakata, maana Sukari alikuwa na njaa. Na kwa kila konzi aliyoiweka guniani alimwonea Nyawira wivu kuliko siku zote, kwani sasa Nyawira alikuwa amemshinda hata kwa wema.