Mbuzi Katika Utafiti wa Chanjo

Uvumi uliletwa dukani na mwanafunzi aliyekuja kununua kalamu. Eti mwaka huu chuoni walimu wanasoma tafiti mpaka ukurasa wa mwisho. Eti kuna watu hawatavaa joho.

Mwanamke anayejalidi kazi za wanafunzi, ambaye geti zima la chuo linamwita Mama Gundi, aliusikia akiwa ameinamia meza. Aliendelea kupaka gundi. Lakini maneno yale yalimganda. Alirudi nayo nyumbani, akapika nayo, akaamka nayo.

Saa moja asubuhi, Mama Gundi anasukuma mlango wa chuma wa duka la steshenari. Anawasha mashine ya fotokopi ipate moto. Anakoroga gundi nyeupe kwa kijiti mpaka mabonge yaishe. Anachukua karatasi za mteja wa kwanza, anazigonga mezani kingo zilingane, anazibana, anazipaka gundi mgongoni. Mikono inakwenda yenyewe. Kichwa hakipo.

Binti yake, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho, anaingia bila salamu. Si kawaida yake. Macho yamevimba.

“Mama, ukurasa wangu wa nyuma uko wapi?”

Mama Gundi anaweka brashi chini.

Ukurasa huo wa nyuma ndio unaoitwa marejeo. Ni orodha ya vitabu, ripoti na watu ambao mwanafunzi amechukua maneno yao. Ndani ya kazi anataja alichukua wapi, na nyuma anaorodhesha wote, ili anayesoma aweze kuwafuata na kuhakikisha. Basi. Si jambo la kutisha. Lakini wapo wanafunzi wanaosubiri mpaka siku ya mwisho, na wapo watu wanaokula kupitia uvivu huo.

Mwenye duka ni mmoja wao. Chini ya meza ya kukatia alikuwa na droo yenye vibandiko: Elimu, Biashara, Kilimo, Afya. Ndani yake mlikuwa na marejeo yaliyokwishapigwa fotokopi, yamekaa tayari. Aliyekosa orodha alichagua kama anayechagua bahasha, akalipa bei ya soda kwa kila ukurasa, na Mama Gundi akauweka nyuma kabla ya kupaka gundi.

“Bosi aliniambia ni kama kile kitambaa cha mgongoni mwa kitabu,” anasema Mama Gundi. “Kwamba kazi bila hicho haisimami. Mimi nimeishia darasa la saba. Ningejuaje? Niliweka kama ninavyoweka jalada.”

Amefanya kazi hapo tangu binti yake anajifunza kuandika a na e. Mshahara haufiki katikati ya mwezi, na baada ya hapo anashonea watu vifungo na kukunja mipindo. Ada ya chuo ilitoka humo humo, kwenye gundi na uzi.

Binti naye hakuwa wa mchezo. Alitafiti kwa nini akina mama huchelewa kuwarudisha watoto kwa chanjo ya pili. Alikaa nao kwenye mabenchi ya kliniki, akawauliza, akaandika majibu yao kama walivyoyasema. Alisoma vitabu vitatu na ripoti mbili. Kila alipochukua neno la mtu, aliandika ni la nani. Orodha yake ya nyuma ikatoka nusu ukurasa, kwa sababu waliomsaidia walikuwa wa kujaza nusu ukurasa.

Siku ya kukusanya kazi aliziacha karatasi kwa mama yake, akakimbilia wodini. Mama akaanza kuzipanga kwa furaha ambayo kila mzazi anaijua. Akafika mwisho. Akaona ile nusu.

“Niliona aibu,” anasema. “Watoto wa wenzangu wana kurasa mbili zimejaa pomoni. Wangu nusu, kama mtu aliyetoka nyumbani shati halijafungwa vifungo. Nikasema masikini, kachoka huyu. Ngoja nimmalizie.”

Akafungua droo. Akatoa kurasa mbili za Afya. Akaziweka. Ile nusu ukurasa ya mwanawe akaitumia kupangusia brashi.

Binti alipopita kuichukua, mama alimkabidhi kazi mpya yenye jalada la bluu, akamwonya asiifungue mpaka kesho yake kwa sababu gundi haijashika. Mtoto msikivu hakuifungua. Akaipeleka ofisini kama ilivyo.

Sasa sikia balaa. Miaka mingi nyuma, karatasi za droo zilipokuwa zikipigwa fotokopi, ukurasa wa mifugo ulichanganyika na kurasa za Afya. Hakuna aliyeuona. Tangu siku hiyo, kila aliyenunua Afya aliondoka na vitabu vya kwato, vya minyoo ya mifugo, na kimoja kinene cha magonjwa ya mbuzi.

Siku moja kabla ya asubuhi ile ya dukani, mwalimu msimamizi wa utafiti alimwita binti mbele ya wenzake. “Unaandika chanjo za watoto,” alimwambia. “Mbuzi wameingiaje humu?”

Darasa likaangua kicheko. Binti akasema haujui ukurasa huo. Mwalimu akamfunulia jalada, jina lake hilo hapo. Akamwambia kwamba majina ya ndani na majina ya nyuma hayajuani, na kwamba hiyo ni orodha ya uongo. Angeitwa mbele ya kamati, na asipokuwa na maelezo, angefutiwa matokeo yote ya mwaka. Kufikia mchana wenzake walikuwa wamekwishampa jina: Mama Mbuzi.

Hayo ndiyo aliyomweleza mama yake dukani asubuhi ile, mashine ya fotokopi ikiunguruma. Mama Gundi aliposema alichofanya, binti hakupiga kelele. Alikaa juu ya rimu za karatasi akatazama sakafu. Orodha yake ya kweli ilikuwepo bado kwenye flashi, lakini kila mtu anaweza kuchapa orodha baada ya kukamatwa. Kamati ingetaka kujua ile nyingine ilitoka wapi. Na waliojua ni wawili: mama yake na mwenye duka.

Mwenye duka alisikia yote akiwa kaunta. Mama Gundi alimwomba waende pamoja chuoni, wakaeleze. Yule bwana alicheka puani.

“Mimi nauza karatasi,” alisema. “Aliyeandika jina juu ni mwanao. Ukienda kunitaja huko, hapa usirudi.”

Mama Gundi alifungua droo, akachukua kurasa za Afya, akavua aproni.

Kamati ilikuwa ya walimu watatu. Walimpa kiti, wakamwita mama kwa upole, akaeleza kila kitu bila kuficha: droo, bei, nusu ukurasa, brashi. Akaweka kurasa mezani. Wakazilinganisha na za nyuma ya kazi ya binti, zikawa zile zile, hata mstari uliopinda kwa sababu ya ufa kwenye kioo cha mashine. Wakasoma orodha ya flashi wakiifuata ndani ya utafiti, jina kwa jina. Yote yalikuwemo.

Kisha mmoja wao akasema, kama anayeongea peke yake, kwamba amewahi kumwona mbuzi huyo. Wakatuma mtu maktaba. Akarudi amekumbatia kazi za uuguzi za miaka iliyopita, na mbuzi yumo karibu katika kila moja.

Hapo ndipo Mama Gundi alipochemka.

“Kwa hiyo mbuzi kahitimu kila mwaka,” aliwaambia, “na wa kwanza kuzuiwa ni mwanangu, aliyeandika yake kwa mkono wake? Kosa langu nalibeba. Nyinyi mlikuwa mnasahihisha nini?”

Msimamizi, aliyekuwa mmoja wa wale watatu, alikuwa akifungua na kufunga kalamu yake.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Binti hafutiwi matokeo. Lakini kazi yenye jina lake ni jukumu lake, hivyo ataiwasilisha upya na kuhitimu na kundi litakalofuata. Waliohitimu na mbuzi wanaendelea na vyeti vyao. Mwenye duka bado anafungua kila asubuhi, droo kaihamishia chumba cha ndani.

Mama Gundi bado amekasirika, na wala hafichi. Anamkasirikia bosi, anawakasirikia walimu waliotia alama kurasa wasizozisoma, na akinyamaza sana ujue anajikasirikia mwenyewe. Binti yake alimwambia neno moja tu njiani kurudi: “Nilipaswa kuifungua, mama. Hata kama gundi ingeachia.”

Siku hizi Mama Gundi anajalidi chini ya ngazi za jengo jirani, meza moja, vyuma viwili vya kubania, kopo la gundi. Wateja ni wachache. Anasubiri kazi mpya ya binti yake, na wamekubaliana kwamba ikija, wataipanga wote wawili, ukurasa kwa ukurasa, na binti ndiye atakayeweka wa mwisho.

Mzazi mwenye mtoto chuoni, na wewe mtoto mwenyewe, haya ndiyo ya kuepuka:

Usinunue marejeo. Hata ukurasa mmoja.

Usiorodheshe kitabu ambacho hukukifungua.

Usichukue maneno ya mtu ukaacha kusema ni yake, awe profesa au mama wa kwenye benchi la kliniki.

Usione haya orodha yako ikiwa fupi.

Usiache marejeo mpaka siku ya mwisho. Andika jina la kitabu siku unayokisoma.

Usipeleke kazi ambayo hujaifungua tangu itoke mikononi mwa mtu mwingine.

Na wewe mzazi, usitie mkono katika kazi ya mwanao bila kumuuliza. Hata kama unampenda. Hasa kama unampenda.