Sauti ya Sidra, Uso wa Purita

Sidra Magbitang hakuwa mzuri wa sura, na hapa Tondo, mtaa wetu wa Manila, hakuna aliyewahi kumdanganya juu ya hilo, wala mwenyewe hakutaka kudanganywa. Pua bapa, taya pana, na jicho moja likichelewa kufumbuka kuliko mwenzake. Lakini akipanda jukwaani na tambuu yake shavuni, watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kwa miaka mingi alicheza Shangazi Bestra katika mchezo mmoja wa nyimbo ambao Manila nzima iliujua kwa moyo. Shangazi huyo ni mchoyo, hataki mpwa wake aolewe. Kijana anakuja kuposa, anaeleza mapenzi yake, Shangazi anatafuna. Kijana analia, Shangazi anatafuna. Kijana anapiga magoti, Shangazi anatafuna tu. Mwishowe anatema pembeni mwa kiatu cha yule bwana na kusema, "Umemaliza? Basi anza upya, sikuwa nasikiliza."

Hapo ukumbi ulikuwa unalipuka. "Tena! Tena!" Na sisi tukisema tena, ni tena. Mwigizaji anarudi, anarudia pale pale tulipopapenda, na tukitaka anarudia mara nyingine. Asiyerudia hana adabu, na hatumfichi. Kuna siku yule kijana wa kuposa, Pidyong, alishuka jukwaani magoti yamechubuka.

Basi Don Anselmo Ricafort, mwenye ukumbi, akanunua kamera. Mara akatangaza kwamba mchezo wetu utageuzwa kuwa picha bubu, sinema isiyo na sauti, ya kuchekesha. Pidyong aliitwa. Msichana anayecheza mpwa aliitwa. Mpaka mpiga ngoma aliitwa! Sidra akavaa sketi yake ya Shangazi, akaenda bila kuitwa, maana nani mwingine angekuwa Shangazi?

Don Anselmo alimtazama, akajikuna kidevu. "Da Sidra, jukwaani watu wanakuona kwa mbali. Kwenye picha uso wako utakuwa mkubwa kama mlango wa kanisa. Watu wanataka kuona kitu cha kupendeza."

"Shangazi Bestra apendeze?" Sidra akauliza. "Kwani anayeposwa ni yeye?"

Wapi. Sehemu ile alipewa Purita Escalante, binti wa wakubwa wa mtaa wa Ermita, mweupe, shingo ndefu, akachorwa mikunjo ya uzee kwa mkaa. Na tambuu akaikataa katakata, eti itayatia meno yake wekundu. Akatafuna mkate! Shangazi Bestra anatafuna mkate, jamani, mmeona wapi?

Sidra alirudi nyumbani akalia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, ile hasira inayomfanya mtu aoshe vyungu ambavyo havikuchafuka.

Picha ilipokwisha, Don Anselmo aliwaita rafiki zake waionje. Hakuna aliyecheka. Angecheka nani? Uchekeshaji wote wa mchezo ule ulikuwa kwenye maneno, na yeye alikuwa amepiga picha za midomo. Maneno aliyaandika kwa Kihispania na Kiingereza, si kwa lugha yetu, yakawa yanapita pale kwenye picha kama wageni wasiosalimia. Ndipo akaja mwenyewe mpaka kwa Sidra, jasho likimchuruzika.

"Utakaa nyuma ya pazia," akasema. "Picha ikipita, wewe unasema maneno ya Shangazi. Sharti ni moja tu, usionekane. Nataka watu wadhani ni sauti ya Purita."

"Yaani uso wangu umefungiwa mlango, halafu sauti yangu ipitishwe dirishani?"

"Ni kazi, dada yangu."

Sidra akakubali. Majirani waliguna. Yeye akawajibu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena nataka nimwone huyo mla mkate."

Jumapili mchana ukumbi ulifurika. Pazia jeupe lililoweshwa maji ili picha ipenye mpaka upande wa nyuma, na huko nyuma Sidra alisimama, tambuu shavuni, akimwona Purita kinyumenyume. Kila Purita alipofumbua mdomo, sauti ya Sidra ilitoka. Watu walicheka vizuri. Purita mwenyewe alikuwa mstari wa mbele na upepeo wake, akipokea vicheko kana kwamba ni vyake. Sidra alivisikia vile vicheko kutoka upande wa pili wa kitambaa.

Likafika onyesho la posa. Pidyong wa picha akapiga magoti, Purita akatafuna mkate wake, na Sidra akasema, "Umemaliza? Basi anza upya, sikuwa nasikiliza."

"Tena!" Tondo ikanguruma. "Tena! Tena!"

Picha haikusikia. Pidyong alikwisha toka mlangoni, na Shangazi alikuwa uani akiwalisha kuku.

"Tena, tumesema!" Ndala ikaruka, ikagonga pazia. "Nyie! Mmekuwa viziwi?"

Don Anselmo akasimama mikono juu. "Mabibi na mabwana, picha hairudii!"

"Hairudii? Ina maringo gani hiyo!"

"Nikiirudisha itakatika!" Ponso, mzungusha mashine, alipiga kelele kutoka juu. "Na nikiisimamisha mbele ya taa itaungua!"

Watu wakamgeukia Purita. "Si huyo hapa? Panda basi, mama, urudie!" Purita akainuka, akapanua mdomo, pasitoke kitu. Maskini, hata maneno hakuyajua. Mbele ya kamera alikuwa akihesabu moja, mbili, tatu ili midomo icheze. Akakaa, akajifunika upepeo usoni.

Don Anselmo akakimbilia nyuma ya pazia. "Da Sidra, rudia! Rudia kutoka hapa hapa, usitoke!"

"Nirudie kwa mdomo wa nani? Shangazi wako yule anawalisha kuku."

"Ukitoka, kazi basi. Na nakuapia, picha hutaingia maisha yako yote."

"Kwani sasa nimo?" Sidra akasema. Akaliinua lile pazia lililolowa, akatoka mbele.

Ukumbi ukamtambua, na kelele zilizopigwa pale sijasikia tena mfano wake. Ponso akaifunika taa ya mashine na kuacha kuzungusha. Hakuna aliyemwambia. Taa za ukumbi zikawashwa.

"Wee Pidyong!" Sidra akaita. "Nakuona umejificha hapo kwa mkeo. Njoo, magoti chini!"

Pidyong akaja mbio, akapiga magoti na suruali yake ya Jumapili. Sidra akatafuna tambuu ya kweli, taratibu, jicho lile likichelewa, akatema, akasema yake. Akarudia. Akarudia tena. Purita mwenyewe alicheka mpaka wanja wa macho ukamtiririka.

Watu wakitoka, Don Anselmo alimngoja mlangoni. "Umeniaibisha mbele ya ukumbi wangu. Kesho urudi nyuma ya pazia, useme bila kuonekana, au usije."

"Sauti yangu haiendi mahali uso wangu haukualikwa," Sidra akamwambia. "Mtafute mwingine."

Akatafutwa mwingine, akazomewa. Akatafutwa wa pili. Don Anselmo akaona heri ashindwe kuliko kumwita Sidra, na kiapo chake akakitimiza. Picha zikapigwa nyingi baada ya ile, na hamna hata moja yenye uso wa Sidra Magbitang. Yeye alirudi jukwaani na kundi lake, wakazunguka mikoa ya Bulakan na Pampanga, wakicheza kwenye sikukuu za vijiji hata mvua ikinyesha, mpaka meno yakamwisha na tambuu ikabidi atwangiwe.

Uzeeni mkwewe alimwonea huruma. "Mama, kweli hujuti? Wenzako wamebaki kwenye picha, wajukuu watawaona. Wewe hutaonekana na mtu."

Sidra akacheka, ufizi mtupu, mwekundu.

"Waliokuja wameniona," akasema. "Ambao hawakuja, shauri yao."