Leo Iko Giza kwa Ngazi

Usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Wala usiniambie ni uchovu wa safari, maana haya yamenitokea nikiwa nimeshiba na nimelala vizuri, katika nyumba ninayoijua kila kidato chake. Ni kweli tupu, na yananichosha.

Nyumba iko Durban, karibu na Albert Park. Siku hizi ni vyumba vya kupanga, na chini kuna saluni ya Mama Bibiche, Mkongomani wa Bukavu, ambaye ndiye anayepokea wapangaji. Zamani ilikuwa bweni la sekondari ya Kiyahudi, nami nilisoma hapo. Ndiyo, mimi. Mama yangu alikuwa mpishi wao, wakanipa kitanda na dawati, nikawa mwanafunzi pekee asiye Myahudi. Nilipomaliza nikaanza kuzunguka: Maputo, Lusaka, Lubumbashi, Mwanza, sikukaa mji mmoja hata mwaka. Halafu nikarudi Durban, nikaiona nyumba ile, nikapanga chumba changu kilekile cha ghorofani. Ni ujinga wa kupenda mambo ya zamani, huo tu.

Mlezi wa bweni alikuwa Mwalimu Hersh. Alizaliwa Nairobi, na mimi na mama kwetu tulisema Kiswahili, kwa hiyo mimi alinisemesha Kiswahili, kile cha walowezi. Sasa sikiliza. Sabato yao ikianza, Ijumaa jua likizama, hawagusi swichi. Kumwomba mwingine awawashie nako ni mwiko. Taa zilifungiwa saa ya kuziwasha bila mtu kuzigusa, na saa ile ilikuwa inaharibika kila mara. Hapo Mwalimu alisimama mlangoni kwangu, akatazama dari, akasema, "Leo iko giza kwa ngazi." Basi. Mimi nilitakiwa nielewe, nitoke, niwashe taa kwa haja yangu mwenyewe, tuseme kutafuta kiatu, kisha nisahau kuizima. Nikiwasha kwa ajili yake, hawezi kuitumia. Miaka mitano nilitafuta viatu ambavyo havikupotea! Wewe usingechoka?

Ijumaa moja nilichoka. Wiki ile alikuwa amenikataza kwenda kutazama mpira, nami nilikuwa na kinyongo. Baada ya chakula akaja. "Leo iko giza kwa ngazi." Nikafumba macho, nikakoroma. Alisimama kidogo, akaondoka. Kisha nikamsikia akianguka, kidato baada ya kidato.

Alivunjika nyonga. Tangu hapo alitembea na fimbo. Hakuniuliza neno, nami sikusema. Alipofariki nilikwenda makaburini, nikashika koleo kama wengine, nikatupa udongo juu ya sanduku. Kwa hiyo usinieleze kwamba pengine ni mzee mwingine aliyefanana naye. Nilimzika.

Ijumaa yangu ya kwanza baada ya kurudi, jua limezama na hakuna aliyewasha taa ya ngazi, nikafungua mlango. Amesimama. Kofia yake ndogo, fimbo yake. Anatazama dari.

"Leo iko giza kwa ngazi."

Niamini, nilisisimka mwili mzima. Lakini pamoja na hofu ile, nilikereka. Mtu ameshakufa, bado hawezi kusema waziwazi anataka nini? Nikabonyeza swichi.

"Haya, Mwalimu, nimekuwashia."

Hakusogea. Taa ikazima. Nikawasha, ikazima. Mara nne! Akanitazama kama alivyonitazama zamani nikikosea hesabu. Ndipo nikakumbuka.

"Natafuta ndala yangu," nikasema kwa sauti.

Nikabonyeza. Taa ikawaka, ikakaa. Naye akaanza kushuka.

Mama Bibiche akapaza sauti kutoka saluni. "Papa! Unatafuta nini tena?"

"Ndala, mama."

Akaja chini ya ngazi, kitana mkononi, akachungulia. "Eish! Si iko kwa miguu yako, yote mbili?" Mara akatega sikio. "Na ule anashuka na fimbo, ni nani?"

Ngazi nzima ilikuwa mbele ya macho yake. Hakuona mtu. Kitana kilimponyoka, akarudi ndani mbio, akafunga mlango.

Mwalimu alikuwa amefika katikati. Niliona nisiposema sasa sitasema tena.

"Mwalimu, Ijumaa ile nilikuwa macho. Nilikusikia."

Hakugeuka. Aliweka fimbo kwenye kidato kilichofuata.

"Mimi najua," akasema. "Wewe hapana koroma. Hata siku moja."

Alipita vyumbani mwetu kila usiku kwa miaka. Alijua nani anakoroma na nani hakoromi. Miaka yote ile ya fimbo alijua, na kila asubuhi alinisalimu kwa jina langu.

Ungedhani yaliishia hapo. Wapi! Kila Ijumaa anakuja. Mama Bibiche alinishauri niiache taa ikiwaka tangu Alhamisi. Nilijaribu, jua likizama inazima. Mwaka wa pili huu, mimi nisiyekaa mahali, nimekaa. Ijumaa moja nilikata tiketi ya basi la Maputo, nikafika hadi stendi. Nikatazama jua, nikarudi mbio na begi mgongoni.

Kwa hiyo nakuonya. Mzee akisimama mlangoni kwako akasema tu kwamba kuna giza, au baridi, au kwamba mzigo umekuwa mzito, usikorome. Inuka.

Niishie hapa. Jua linazama, na sijui ndala yangu iko wapi.