Mpaka Kifo au Umbali

Bina ndiye aliyemsumbua Primus mpaka akakubali ndoa yao iandikwe. Utumwa ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia, na serikali ilikuwa imefungua ofisi pale mjini Beaufort kuwasaidia walioachwa huru, ndoa zao nazo zikiandikwa.

"Wenzetu wote wana karatasi, baba," alimwambia. "Mimi nitakuwa mke wa mdomo tu mpaka lini?"

Miaka tisa walikuwa wameishi pamoja, wakazika watoto wawili.

Basi wiki ile ile, meli ya serikali iliyokuwa ikirudisha watu makwao ikamshusha Dorcas, mke wa kwanza wa Primus. Aliuzwa jimbo la Georgia akiwa na mimba, na wote walikwisha kumlia kama maiti. Alishuka na binti wa miaka kumi, mwenye paji la uso kama la Primus kabisa.

Wakaenda ofisini wote wanne.

"Primus! Maharusi wawili?" akapiga kelele mzee mmoja kwenye foleni. "Si utugawie na sisi!"

Watu wakacheka. Dorcas akainama.

Afisa, mzungu mpole wa mkono mmoja, akawasikiliza hadi mwisho. "Sheria inataka mke mmoja. Chagua."

Primus akavua kofia, akaanza kuikunja ukingo.

Bina akasogea mezani. "Bwana afisa, sisi mhubiri alikuwa akituozesha mpaka kifo au umbali, ili bwana akimuuza mtu, ndoa iwe imekwisha. Sasa Georgia si umbali?"

"Umbali huo ulikuwa wa mabwana zenu, mama. Serikali haiutambui."

"Dada," Dorcas akasema taratibu, "sikuja kukunyang'anya. Sikujua hata kama upo. Nilirudi nilikotolewa, basi."

Bina alikuwa amejiandaa kwa matusi, akakosa wa kumtukana. Akamtazama yule binti, amesimama mguu mmoja umepumzika, vile vile kama Primus.

"Mwandike huyo mwenye mtoto," akasema.

"Bina!"

"Nyamaza wewe. Ulipoulizwa ulisema nini?"

Afisa akaandika. Kisha akauliza nani atakuwa shahidi wa ndoa hiyo. Foleni nzima ikatazama chini, hata yule mzee wa mzaha.

Bina akachukua kalamu. Hakujua kuandika, akachora msalaba pale alipoonyeshwa, ukaenda upande. Afisa akaupuliza wino ukauke, akamkabidhi Dorcas karatasi.